Muti Wenye Papa Aliacha Kusalimia

— Yaya Cadette, udongo unaweza kubadilisha rangi ya ua?

— Rangi? Hapana. Udongo unaweza kulisha, unaweza kuozesha. Rangi inatoka kwa mama yake. Juu ya nini unauliza?

— Juu mama wa huyu anatoa maua ya manjano.

Nikaondoa kitenge yenye nilifunikia kopo yangu. Muti wangu wa taji ya miiba ulikuwa umesimama muzuri, majani ya kijani, na juu kabisa vimaua viwili vyekundu kama pilipili. Watu wote ndani ya lupango, uwanja wa nyumba ya yaya Cadette, wakasogea kuangalia.

Ilikuwa Siku ya Maonyesho ya klabu yetu, Klabu ya Miiba ya Kashikishi. Musicheke. Watu wote wa hapa wanatucheka tayari: ziwa Mweru iko pale, maji haiishi, na sisi tunapanda miti ya jangwa, kaktusi na aloe na kila kitu chenye kuchoma, ndani ya makopo na bidoni za plastiki za kukatwa. Tuko Wazambia wa kando ya ziwa na Wakongomani wa kambi ya Mantapala, na kila Jumamosi tunakutana kwenye lupango ya yaya Cadette, dada mukubwa wetu sisi wote, nyuma ya soko. Tuko na sheria zetu. Kati yetu hakuna kuuziana, tunakatiana vipande. Kipande kinalala kwanza kivulini mpaka kidonda kikauke, ukikiharakisha kuingia udongoni kinaoza. Na ukileta muti mupya, unasimama mbele ya wote unataja ukoo wake: mama yake ni nani, eko kwa nani, nani alimukata. Mutu wa kwetu anaweza kudanganya bei ya samaki, anaweza kudanganya miaka yake, lakini ukoo wa muti hatudanganyi.

Na ukoo wa huyu muti wangu kila mutu aliujua, juu Kunda, muchumba wangu, aliutaja mwenyewe mbele yao: “Mama yake anaota juu ya kaburi ya mama Mujinga, ng'ambo, Kilwa ya Kongo. Nilimukata kwa mukono wangu.” Siku ile watu walipiga makofi. Mama Mujinga ni mama yangu; kwetu Mujinga ni jina, haiko tusi. Nililia mpaka kamasi ikatoka.

— Labda ni jua, nikasema. Ama maji ya huku. Maji ya huku iko na chumvi kidogo, hapana?

— Joëlle, kaa chini kwanza, yaya Cadette akasema polepole.

Yaya Cadette hajawahi kusema kitu polepole. Nikaogopa.

Hapo ndipo mugeni wetu wa siku ile akasogea, ba Rosaria wa Chienge, upande wetu huu huu wa ziwa, mwanamuke munene, mucheshi, alikuja na kikapu ya aloe za kutugawia. Habari yetu hakujua hata moja.

— Mayo, mama yangu! Imekua namna hii? Huyu si mutoto wangu, yenye nilimukatia Kunda?

— Kunda gani? yaya Cadette akauliza.

— Kunda fundi wa injini, wa hapa hapa. Shangazi yake ni jirani yangu. Alikuja kukaa kwake wakati ziwa ilifungwa. Wiki nzima kijana analala tu na kuangalia ukuta, tukasema labda eko mugonjwa. Siku ya kurudi akaniomba kipande. Nikamuambia, mukwai, tafadhali, chukua hata viwili.

Wakati ziwa ilifungwa. Wakati serikali inakataza kuvua ili samaki wazae. Ni wakati ule ule Kunda alikuwa Kilwa, kwenye kaburi ya mama yangu. 

Na yeye mwenyewe akaingia, viti vya plastiki kichwani, anacheka. Akamuona ba Rosaria. Akaona kopo yangu bila kitenge. Kicheko ikakatika.

— Kunda, weka viti, yaya Cadette akasema. Njoo usimame pale penye tunasimama.

— Yaya, tuongee pembeni...

— Taja ukoo wa huyu muti.

— Yaya Cadette, pardon.

— Uliutaja mbele ya watu. Utaje tena mbele ya watu.

Akaniangalia mimi. Nikatingisha kichwa, ninamuomba kitu, na hata leo sijui nilikuwa ninamuomba nini. Labda adanganye tena, muzuri kuliko mara ya kwanza, na sisi wote tumusadiki.

— Mama yake eko Chienge, Kunda akasema. Kwa ba Rosaria.

— Na Kilwa?

— Kilwa sikufika.

Ba Rosaria akashika mudomo. Mimi nikachukua kopo yangu na kutoka.

Bon. Acha niwaeleze namna tulifika pale, mujue uzito ya ile uongo. Juu nikisema tu “mwanaume alidanganya kuhusu ua,” mutasema huyu dada anapenda fujo.

Tulikimbia vita na papa wangu, Papa Ngoy, tukavuka ziwa kwa boti, tukapita kambi ya Kenani, tukafika Mantapala. Mama hatukuvuka naye. Alikuwa amekufa kabla, na papa alimupandia taji ya miiba juu ya kaburi, ile ya manjano yenye mama alipenda. Papa alimuacha pale bila kumuaga, tulikuwa tunakimbia. Hii kitu ilimukula papa kuliko njaa.

Kunda nilimukuta kwenye klabu. Mubemba wa Kashikishi, mikono ya mafuta, sauti ya chini. Anatengeneza injini za boti kwenye ufuko, na Kiswahili alijifunza kwa wafanyabiashara wa ng'ambo. Alikuja siku moja kuomba dawa ya aloe ya kidonda, akabaki. Yaya Cadette alimuambia mbele yangu: “Wewe dawa yako haiko aloe, dawa yako ni huyu Joëlle.” Akaona haya mpaka shingo. Na mimi nilimupenda, niseme nini? Nilimupenda sana.

Alipokuja nyumbani kujitambulisha, papa alimukalisha mulangoni.

— Unataka mutoto wangu?

— Ee mukwai, ba tata, akajibu kwa heshima ya Kibemba.

— Mutoto mwanamuke hatoki nyumbani kama mama yake hajui. Mama yake eko Kilwa, chini ya udongo. Uende umuambie. Umuambie kwamba Ngoy eko muzima, kwamba hakumusahau, na kwamba wewe unachukua Joëlle. Kisha ukate kipande ya ile taji ya miiba yake, uniletee. Mimi sina tena nguvu ya kuvuka.

— Nitaenda, ba tata.

— Uende kwa boti. Barabara ya kuzunguka ziwa, kule kwetu, iko na watu wa bunduki.

— Nitaenda kwa boti.

Nilimusindikiza mpaka barabarani ninarukaruka kama mutoto wa mbuzi. Sikuona kitu. Mutu anatengeneza injini za boti kila siku, na miaka yote ile sijawahi kumuona ndani ya boti, na hata siku moja sikujiuliza. Mapenzi inafunga macho, na kuku akifungwa macho anatulia.

Akaondoka. Simu yake ikazimwa wiki nzima. Kisha ikaingia SMS: “Sheri wangu, mupenzi, nimerudi. Nilimusalimia mama. Niko na kipande.”

Papa alipokea ile kipande kwa mikono miwili. Maziwa ya muti ilikuwa imekauka kwenye kidonda. Papa akainusa.

— Ulimuambia?

— Nilimuambia, ba tata.

— Kaburi iko namna gani?

— Iko muzuri. Safi.

Papa akalia. Ee, papa wangu alilia mbele ya mukwe, kitu yenye mwanaume wa kwetu hafanyi. Akasema: “Basi muoane. Tungojee tu mavuno ya mihogo.”

Tukaipanda ile kipande kwenye kopo ya maziwa ya unga, tukaipeleka klabu, Kunda akataja ukoo, watu wakapiga makofi. Hapo yaya Cadette akauliza:

— Na maua yake rangi gani?

— Nilikuta haina maua, Kunda akajibu.

— Manjano! mimi nikarukia. Manjano kama kiini ya yai!

Nilimuona Kunda anameza mate. Nikafikiri ni furaha.

Tangu siku ile, kila akija Mantapala anamwagilia ile muti. Anamwagilia asubuhi, anamwagilia mchana. Siku moja yaya Cadette alikuja kututembelea, akatia kidole udongoni, akapiga kelele:

— Ni nani anaua huyu mutoto? Huu ni muti wa kiu! Kunda, wewe uko memba wa klabu, haujui?

— Ninaipenda sana yaya, ndiyo maana.

Mimi nikacheka. Nikasema, muone namna ananipenda, mpaka anapitisha kipimo. Muti haukuoza. Ulikuwa na roho ngumu.

Na papa, kila asubuhi, akitoka na fimbo yake, kitu ya kwanza ilikuwa kusimama mbele ya kopo.

— Mujinga, jambo. Umelala muzuri? Mimi mugongo inauma. Joëlle amechelewa tena kuamuka, mutoto wako huyu.

Ninalala ndani ninasikia papa anamupigia mama habari zangu. Hamuwezi kujua utamu ya ile asubuhi. Nilikuwa tena na wazazi wawili.

Kisha baridi ikafika, na papa akaacha. Anapita karibu na kopo bila kusema. Nikamuuliza:

— Papa, leo hausalimii mama?

— Kifua inaniuma.

Kifua ilikuwa inamuuma kweli, alikuwa anakohoa, nikasadiki. Akapata tabia ingine. Kila asubuhi anakaa mulangoni anauliza mutu yeyote mwenye anatoka ufukoni, wauza samaki, wapanda baiskeli, hata mimi:

— Ziwa iko namna gani leo?

— Iko kimya, papa.

— Upepo?

— Hakuna upepo.

— Boti zinavuka?

— Zinavuka, papa.

Anatingisha kichwa, anaangalia njia. Nilifikiri anatamani kwetu. Aliuliza vile mpaka asubuhi ya kufa kwake. Nilimuambia ziwa iko kimya sana, papa, kama maziwa ndani ya kikombe. Akasema “aa”, akageukia ukuta. Tulimuzika Mantapala, kabla ya mavuno.

Na kisha muti, wiki chache baada ya matanga, ukatoa maua mekundu. Nikaufunika kitenge, nikaupeleka klabu kuuliza kama ni udongo. Pale ndipo nilianza kuwaeleza.

Kunda alinifuata mpaka ufukoni, nyuma ya nyavu zenye wanaanikia chisense, ile dagaa ya ziwa yetu. Wanawake walikuwa wanageuza samaki, wakatuona, wakahamia upande mwingine. Watu wa Kashikishi wanajua wakati ya kuacha watu wagombane.

— Jo, simama. Jo!

— Iko wapi?

— Nini?

— Mwanamuke wa Chienge. Iko wapi? Muambie atoke nimuone.

— Awe, hapana, Jo, hakuna mwanamuke. Ninaapa mbele ya Mungu.

— Basi ulikuwa unafanya nini wiki nzima Chienge, unalala na ukuta?

Akakaa chini ndani ya muchanga. Mutu muzima, anakaa kama mutoto.

— Ninaogopa maji.

— Unaogopa nini?

— Maji. Misheck, kaka yangu mukubwa, alikufa maji mbele yangu. Nilikuwa ndani ya boti ile ile. Alinishika mukono, Jo, na mukono ikateleza. Tangu pale sijapanda boti. Injini ninatengeneza kwenye muchanga, wenyewe wanaenda kuijaribu. Siku ya kwenda Kilwa nilifika mpaka kwenye boti. Nilitia muguu moja. Nikatapika. Wakanicheka, boti ikaenda. Nikapanda gari ya Chienge nijifiche kwa shangazi, nikisema kesho nitajaribu, kesho nitajaribu.

— Na haukuniambia.

— Ningekuambia nini? Mwanaume wa ziwa anaogopa ziwa? Papa yako angenipa mutoto wake?

— Ungeniambia mimi, Kunda! Mimi! Nilivuka ile ziwa ninalia, ninajua woga ya maji ni nini. Ningekupenda na woga yako. Ningeenda kumuambia papa mimi mwenyewe, tungetafuta njia.

— Najua sasa.

— Na kumwagilia? Ile maji yote?

Akafunika uso.

— Ulitaka ioze.

— Nilitaka ikufe kabla ya kutoa maua. Sikujua rangi, Jo. Huku kwetu zote ni nyekundu, nilifikiri taji ya miiba ni taji ya miiba. Siku ulisema manjano, nilijua nimekwisha.

Ningeweza kusimama pale. Ningeweza kulia, kumupiga kofi mbili, na labda kesho kutwa kumusamehe, juu uongo ya woga si uongo ya uzinzi. Lakini kitu kilikuwa kinanisumbua kichwani, kama mufupa ya samaki kwenye koo.

— Kunda, taji ya miiba inatoa maua mbio. Papa aliishi na huu muti mpaka baridi ikaisha. Namna gani haukutoa ua hata moja?

Akaanza kuchimba muchanga kwa kidole.

— Kunda. Ninakuuliza.

— Ulitoa.

— Lini?

— Baridi ilipoanza. Papa yako aliniita kwa simu. Aliniambia, kuja wakati Joëlle eko kisimani. Nikafika, akafungua mukono wake, ua nyekundu iko ndani. Akaniuliza: “Mukwe, hii ni nini?” Nikaanguka miguuni pake, nikamuambia yote. Misheck, boti, Chienge. Yote.

 Nikakaa pia.

— Papa alijua.

— Alijua. Kila asubuhi alikuwa anachuma maua kabla haujaamuka, usione. Alisema: “Mimi ninaenda kufa. Nikimufukuza huyu, mutoto wangu atabaki na nani mu inchi ya watu?” Akaniambia hatasema. Lakini akaniomba kitu.

— Kitu gani?

— Jo...

— Kitu gani, Kunda?

— Alisema: “Utavuka kabla sijakufa. Mimi nitangojea. Uende umuambie Mujinga kweli, uniletee ile ya manjano, na hatutaongea tena hii maneno.” Nikamuahidi.

Ziwa iko namna gani leo? Iko kimya, papa. Boti zinavuka? Zinavuka, papa.

Nikalia namna sikulia hata kwenye matanga. Papa wangu alikaa pale mulangoni baridi yote, na kifua chake, anapima upepo kwa midomo ya watu, anangojea mwanaume mumoja apande boti. Na mimi ninamujibu kila siku kwamba ziwa iko kimya. Kila siku nilikuwa ninamuambia, bila kujua, kwamba Kunda hana sababu. Na asubuhi zile za kumusalimia mama, alizipoteza siku ile alichuma ua ya kwanza. Mama alimufia mara ya pili, na hakumuambia mutu.

— Ulijaribu? nikamuuliza.

— Nilifika mara mingi ufukoni.

— Ulijaribu?

— Sikuweza.

Nilimuachia ile kopo pale kwenye muchanga, nikarudi Mantapala kwa miguu.

Simu yangu ikapiga mpaka ikachoka. SMS zikaingia:

“Jo nisamehe.”

“Papa yako alinisamehe, wewe unashindwa?”

“Alitaka tuoane. Ni neno lake la mwisho kwangu. Unavunja neno la marehemu?”

Hii ya tatu ilinikata. Nikapeleka simu kwa yaya Cadette, asome.

— Huyu mutoto anaongea kweli kwa kinywa mubaya, akasema. Sikia, Joëlle. Mimi bwana yangu wa kwanza alinidanganya juu ya wanawake watatu, nikasamehe wawili. Huyu wako alidanganya juu ya woga. Papa alijua, na bado akasema muoane. Uko na miaka gani ya kutupa mwanaume? Rudisha moyo nyuma.

— Yaya, ninamupenda.

— Ninaona.

— Kama angekuwa na mwanamuke Chienge, ningemuchukia na kulala usingizi. Lakini nikifunga macho nimuone amevaa suti ya ndoa, ninaona papa amekaa nyuma yake mulangoni, anauliza watu habari ya upepo. Nitapika chakula ya huyu mwanaume namna gani? Nitamupatia maji ya kunawa, na papa anaangalia?

Yaya Cadette akanyoosha miguu. Alinishika kichwa akakilaza kwenye mapaja yake, kama mama anamusuka mutoto.

— Sasa utafanya nini?

— Nitavuka. Mutu wa kumuambia mama kwamba papa amekufa ni mimi.

— Utarudi?

— Sijui, yaya. Kama kaburi inahitaji kulimiwa, nitalima. Kama dada ya mama eko muzima, nitakaa.

Akalia yeye sasa. Jumamosi iliyofuata klabu ilinikatia vipande, kila mutu kimoja, wakavifunga kwenye gazeti kavu. Ba Rosaria alituma kipande ya aloe kutoka Chienge na neno la pole. Alifikiri ni yeye ameharibu ndoa yangu. Nilimupigia simu nikamuambia, mayo, wewe ulitaja tu ukoo.

Asubuhi ya safari nikaingia boti ya Kilwa, mizigo yangu katikati ya magunia ya unga. Injini ilikuwa tayari inanguruma wakati nilisikia wanaume wanacheka ufukoni. Nikageuka. Kunda alikuwa anatembea ndani ya maji, suruali mpaka magoti imelowa, jaketi ya kuelea imefungwa mpaka kwenye kidevu. Akashika ukingo ya boti. Akatia muguu moja. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Akatia muguu wa pili, akaanguka kwenye magunia, akatambaa, akakaa mbele yangu. Meno yalikuwa yanagongana.

— Niko ndani, Jo.

— Ninaona.

— Angalia. Niko ndani ya boti.

— Ninaona, Kunda.

— Basi twende. Nitamuambia mama yako kweli yote. Nitalala pale kwenye kaburi kama unataka. Tutarudi tuoane.

Wale wanaume waliacha kucheka. Mwenye boti alituangalia, akapunguza injini.

Mwanaume wangu alikuwa anatetemeka kama mutu wa malaria, na mukono moja imeshika kamba mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na alikuwa amekuja. Amekuja kweli. Nilitaka kumukumbatia. Ninawaambia kweli, mikono yangu ilianza kwenda yenyewe, nikaikalia.

— Shuka, Kunda.

— Jo, nimeweza! Hauoni nimeweza?

— Nimeona. Hii siku papa aliingojea. Ungekuja siku moja tu kabla ya kifo chake, hata boti ingerudi na wewe bila kufika Kilwa, hata ungetapika ziwa yote, tungeoana jioni ile ile.

— Mama yako hajaambiwa bado. Niache nimuambie.

— Mama anajua. Papa amefika kwake mbele yako, amemuambia yote.

Akainamisha kichwa, machozi yakaanguka juu ya ile jaketi.

— Unanichukia.

— Ninakupenda. Nitakupenda kule pia, na itanisumbua sana. Lakini shuka.

— Papa yako alinisamehe.

— Alikusamehe kwa ajili yangu, na alikuwa peke yake na ile siri mpaka kufa. Mimi siwezi kula hii musamaha. Shuka, watu wanangojea.

Alikaa bado kidogo. Kisha akashuka, polepole, anatafuta chini kwa muguu kama kipofu, na maji ikamufika kiunoni. Hakulia tena. Alisimama pale, ameacha kutetemeka, anashika hewa kama bado anashika boti. Mwenye boti akaongeza injini, na Kashikishi ikaanza kwenda nyuma.

Mama mumoja mwenye kuuza unga alikuwa kando yangu. Alingojea tufike mbali, kisha akashindwa kujizuia.

— Dada, pardon. Yule ni bwana yako?

— Hapana.

— Muchumba?

— Hapana, mama.

— Ni nani basi, analia namna ile ndani ya maji?

— Ni mukwe wa papa wangu.

Akajaribu kuhesabu ile ukoo kichwani, akashindwa. Akanisogezea ncha ya kitenge yake nijifute uso.